Visu Viwili vya Rungu

Ijumaa ya juzi mtoto wa kakangu, amelelewa Nairobi na kaja Lamu likizo, aliamua atupikie biriani. Biriani ya hapa angemuuliza bibi yake tu yakaisha, lakini yeye alikuwa kaitoa kwenye simu, mapishi ya Kiingereza, na kwa vile alitaka kunituma dukani akayapitisha kwenye apu ya kutafsiri ili anipe orodha iliyonyooka. Nkaisoma nikishuka ngazi. Iliki kumi. Mdalasini vijiti viwili. Karafuu sita. Halafu, wallahi, "visu viwili vya rungu".

Nkarudi juu. "We mwana, hii nini?" Akanambia, "Ami mi sijui, imeandikwa hivo, labda ni jina la mti." Sikutaka kumvunja moyo, nkenda zangu mpaka kwa mzee mmoja wa viungo nyuma ya Ngome, nkamsomea orodha yote kwa sauti na nlipofika kwenye rungu akavua miwani. "Rungu la nini, mwatinda ng'ombe?" Watu wawili waliokuwa wanangoja sukari wakacheka. Akanambia nimsomee Kizungu chenyewe. Nkasoma: mace. Akafunga macho kidogo kama mtu anayepapasa kabatini gizani, halafu akanyoosha mkono nyuma yake bila hata kugeuka, akatoa kopo la zamani la maziwa ya unga, akalifungua. "Basibasi," akasema. "Huyo mzungu wako ataka basibasi."

Kingeweza kuishia pale kwenye kicheko, lakini mi kisa hichi kimenikaa manake si mara ya kwanza hilo neno la Kiingereza kutuchezea. Ukilifuata utalikuta jikoni, utalikuta vitani, utalikuta bungeni, utalikuta hata kwenye kikopo cha kupulizia watu machoni, na kila likifika kwetu lazima mtu fulani akae aamue ni neno gani la Kiswahili litabeba mzigo huo, na mara nyingi huyo mtu (au hiyo mashine) anaangalia umbo la kitu, haulizi kazi yake. Na kuna mahali pamoja, bungeni, ambapo uamuzi huo unatugusa sisi Waamu moja kwa moja kwa sababu neno lililochukuliwa, siwa, ni la kwetu, na chenye jina hilo kiko nyuma ya kioo pale makumbusho, na mi nina maneno nacho.

Lakini tumalize la jikoni kwanza manake hata hapa watu wengi wanaila basibasi maisha yao yote na hawajui ni nini. Chukua tunda la mkungumanga likiwa bichi, linafanana na pera la njano hivi. Likiiva linapasuka lenyewe katikati, na ndani unaona kokwa nyeusi inayong'aa imezungushiwa kitu chekundu, chekundu kweli kama rangi ya mdomo ya bibi harusi, na si ganda zima, ni kama wavu, kama jarife dogo limemkamata kasa. Ile kokwa, ukiivunja ganda lake, ndani ndo kungumanga. Ule wavu mwekundu ukiubandua pole pole na kuuanika ndo basibasi, na ukikauka wekundu unapotea, unageuka rangi ya machungwa halafu ya kahawia, unakuwa mkavu wa kuvunjika, kama kucha. Mzee wa duka alinitolea kipande kimoja akakivunja kwa vidole viwili nisikie harufu, na harufu yake ni ya kungumanga lakini imeoga imevaa nguo safi, haina ule ukali. Kwenye biriani nyeupe au halua ambayo hutaki iharibike rangi utaona mpishi anayejua anachukua basibasi anaiacha kungumanga. Wahindi wa dukani wanaiita javantri. Sisi jina tumelichukua kwa Waarabu, wao wanasema basbasa. Na kungumanga yenyewe ukiitazama jina lake utaona wahenga wetu walivokuwa na akili, wameona kokwa ngeni wakaifananisha na kungu wanayoijua, wakaongeza manga, yaani ya huko Arabuni kwa Wamanga, kama vile pilipili manga, kama vile komamanga. Kwao kilichokuja na jahazi la Mwarabu kilikuwa cha Manga.

Ila haikutoka Manga. Waarabu waliibeba tu. Kwa karne na karne mti huu uliota mahali pamoja tu duniani, visiwa vya Banda huko Indonesia, visiwa vidogo sana. Na kwa ajili ya ule wavu mwekundu na kokwa yake watu walichinjwa. Mwaka 1621 kampuni ya Waholanzi, ikiongozwa na Jan Pieterszoon Coen, iliingia Banda na askari, wenyeji wengi mno wakauawa, wengine wakafa njaa milimani, wengine wakabebwa kuwa watumwa, na mashamba yakagawiwa Waholanzi. Kisiwa kimoja kilichobaki na ugomvi, kinaitwa Run, Waingereza walikuwa wakikidai, na kwenye mkataba wa Breda wa mwaka 1667 wakakiachia Mholanzi na wao wakabaki na kijiji kimoja cha Marekani ambacho leo ndo Manhattan. Yaani New York ililingana na kisiwa cha kungumanga, na wakati ule aliyeonekana kapata ni Mholanzi! Baadaye Mfaransa mmoja, Pierre Poivre, akafanikisha kuiba mbegu na miche kuipeleka Morisi karibu mwaka 1770, na Waingereza nao wakaisambaza, ndo maana leo unaikuta Unguja na unaikuta Grenada ambako imewekwa hadi kwenye bendera ya nchi.

(Na kuhusu kulevya, naona mshaanza kutabasamu. Ni kweli. Kungumanga nyingi inalevya, inaumiza tumbo na inamtia mtu kizunguzungu cha siku mbili, na wanawake wa pwani wanajua mambo yake kwenye uji wa harusini, mi simo. Wanazuoni wa Kishafii walilijadili sana, wapo walioiharamisha kama vileo vingine na wapo waliosema kidogo cha kutia ladha hakina neno. Bibi wa nyumba yetu yuko upande wa kidogo.)

Haya. Sasa hiyo apu ilitoa wapi rungu?

Ilitoa kwa Waingereza wenyewe, na kwa hapo mashine siilaumu sana. Kwao neno la kiungo na neno la rungu yanaandikwa herufi kwa herufi sawasawa ingawa hayana udugu wowote. La kiungo linatoka kwa Wafaransa wa zamani waliosema macis, na nyuma yake kuna Kilatini macir, jina la gome jekundu lenye harufu lililotoka India. Waingereza waliposikia ile "s" ya mwisho wakadhani ni wingi, kama mtu asikie "basi" akadhani kimoja chake ni "ba", wakaikata wakabaki na mace. La rungu nalo linatoka neno jingine kabisa la Kifaransa, lenye asili ya nyundo ya mbao. Wageni wawili waliovaa kanzu ya kufanana wakaingia mlango mmoja, na miaka mia kadhaa baadaye msichana wa Nairobi anamtuma ami yake rungu la biriani.

Na vile "visu" ni nini? Mapishi ya Kiingereza huita kipande kimoja cha basibasi blade, neno lilelile la ubapa wa kisu. Basi tu, wanaita hivo.

Rungu la vita lenyewe halina mengi. Kila mtu duniani aliyekuwa na adui na kipande cha mti alifika hapo. Misri wamefukua kichwa cha rungu la jiwe cha mfalme Narmer, miaka elfu tano hivi iliyopita, kimechongwa picha za sherehe, na hilo lenyewe linakwambia kitu: rungu lilianza zamani sana kuacha kupiga watu na kuanza kutembezwa mbele ya wakubwa. Ulaya likawekwa kichwa cha chuma cha kuvunjia watu mifupa ndani ya deraya, halafu bunduki zikaja likastaafu, likapakwa dhahabu, likapelekwa bungeni. Kule London walinzi wa mfalme ndo walikuwa wakilibeba, na ndo maana mpaka leo anayelibeba bungeni ni ofisa wa ulinzi. La bunge lao ni la fedha lililopakwa dhahabu, urefu mita moja na nusu, na linakaa juu ya meza. Bila hilo kikao si kikao. Jemadari wao Cromwell alipowafukuza wabunge mwaka 1653 aliwaambia askari wake wakiondoe hicho kidude cha kuchezea, na mwaka 1976 mbunge Michael Heseltine alikasirishwa na kura moja akaliinua juu hadharani, jina la Tarzan likamganda. Mwingine akalinyakua mwaka 2018 akiwa na hasira za Brexit. Mwaka huo huo, Aprili 18, watu waliingia Seneti ya Nigeria mchana kweupe wakakimbia nalo, likaja kuokotwa kesho yake chini ya daraja hapo Abuja. Kwetu Kenya tangu kaunti zianze mwaka 2013 tumeshaona madiwani wakilivuta huku na huku kama watoto na kishada, mmoja kashika kichwa mwingine kashika mkia, na mi kila nikiiona hiyo video nasema hawa wameambiwa ni rungu na wameamini.

Manake hapo ndo penye swali langu. Kile kitu tukiite nini?

Redioni utasikia mtangazaji anasema rungu la bunge. Mwingine, hasa aliyesoma Tanzania au anayewasikiliza sana Watanzania, atasema siwa. Kule Dodoma ni siwa, haina mjadala, mpambe wa bunge anatangulia nayo spika anafuata. Na kijana wa leo ukimuuliza siwa ni nini atakwambia hiyohiyo, ile fimbo nene ya dhahabu ya bungeni. Hata hapa Lamu! Nimemuuliza mwanafunzi wa sekondari, nyumba yao ukitoka ukumbini unaliona paa la makumbusho, akanambia ni "rungu la spika". Mama yangu aliposikia alishika kichwa.

Siwa ni baragumu. Ni pembe ya kupulizwa. Mbili kubwa ziko pale makumbusho yetu ya ufukweni, jumba lile walilokaa maofisa wa kikoloni, moja ya Pate ni ya pembe ya ndovu na ni zaidi ya mita mbili, imempita mtu mrefu, na moja ya Lamu ni ya shaba. Hazipulizwi kwa kichwani kama tarumbeta. Tundu liko ubavuni, mpigaji anaishika kama mtu aliyeshika mwiko mkubwa wa halua na mdomo wake unagusa pembeni. Zilikuwa zikilia mfalme akitawazwa, zikilia kwa tohara na harusi za waungwana, na hapa Lamu familia ilikuwa ikiiazima siwa kwa malipo, harusi isiyolia siwa watu walijua ni ya nani. Mtu wa chini alikuwa na mbiu, pembe ya nyati, ile ambayo ikilia kuna jambo.

Na ilikuwa na siasa yake, msidhani. Tarehe za Pate, yaani historia yake iliyoandikwa, zinasimulia habari za Mwana Darini, mwanamke wa ukoo mkubwa aliyekuwa na kisa kizito na mfalme, na ulipofika wakati wa sherehe ya tohara ya vijana wa nyumbani kwake akajua siwa ya mfalme hataipata. Hakulia hakubembeleza. Akamwita fundi, akamuuliza kama anaweza kuchonga siwa kama ile, fundi akasema naweza, akamletea pembe za ndovu achague. Siku ya sherehe mji ukasikia siwa inalia kutoka nyumba isiyokuwa na siwa. Mi nikilifikiria hili huwa nacheka peke yangu, manake huyu mama hakuiba ya mfalme, hakumpiga mtu, hakuingia barazani kuvuta mkia wa kitu, alitengeneza sauti yake tu, na kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa cha kusikika basi hapakuwa na namna ya kumnyamazisha. Rungu unaweza kumnyang'anya mtu likaisha. Sauti iliyokwisha sikika mji mzima utainyang'anyaje?

Na nisiwaache watu wa Malindi wakadhani hii ni hadithi ya visiwani peke yake. Aprili mwaka 1498 Vasco da Gama alifika kwao, ametoka kugombana na watu Msumbiji na Mombasa, anatafuta njia ya India na viungo vya India. Mmoja wa watu wake aliweka daftari ya safari. Anaandika kwamba mfalme wa Malindi aliwapelekea kondoo sita na viungo tele, karafuu, bizari, tangawizi, kungumanga na pilipili manga. Halafu walipokutana baharini, chombo kwa chombo, anaandika kwamba palikuwa na wapiga tarumbeta wengi na pembe mbili za ndovu zilizonakshiwa, urefu wa mtu mzima, zinapulizwa kwa tundu la ubavuni, na sauti yake ilipatana vizuri na zile tarumbeta.

Soma tena hapo. Kungumanga na siwa, wiki moja, bandari moja, mikononi mwa mtu mmoja. Kokwa inayovaa basibasi na pembe iliyolipa jina lile rungu la bunge, vitu viwili ambavyo neno moja la Kiingereza limekuja kuvikutanisha kwa bahati mbaya, Malindi vilikuwepo vyote viwili kwa makusudi, kimoja cha kumlisha mgeni na kimoja cha kumwambia amefika kwa nani. Na kila kimoja kilikuwa na jina lake, hakuna aliyechanganya. Mreno mwenyewe hakujua vya kukiita hicho cha pili akaishia kueleza tu, pembe, ndovu, urefu wa mtu, tundu ubavuni, na maelezo yake ni safi kuliko tafsiri nyingi ninazosoma leo.

Rafiki yangu mmoja wa Malindi, mwalimu mstaafu, mtu wa kubishana naye vizuri, amenipinga kwenye hili kwa saa nzima tukinywa kahawa. Anasema, sheikh, kitu cha bungeni kimetoka kwa walinzi waliobeba marungu ya kupigia watu, kina umbo la rungu, Mwingereza mwenyewe anakiita kwa jina la rungu, sasa wewe ukikiita siwa unakipamba, unaficha asili yake. Rungu ndo ukweli wenyewe, kwamba serikali nyuma ya maneno mazuri ina kitu cha kukupiga nacho. Na Wakenya tunalijua rungu la mkubwa, Moi hakuonekana bila lake, na polisi nao wanalo, na timu ikifungiwa na shirikisho tunasema imeshushiwa rungu. Akaniongezea la pili: hao Watanzania walipochukua siwa walichukua jina wakaacha kitu. Siwa yao hailii. Ni bubu. Umeshawahi kusikia siwa bubu?

La pili nimempa. Linaniuma hata mimi. Ni kama umwite mtu muadhini halafu umzibe mdomo, atabaki amesimama mnarani amevaa vizuri. Kitu ambacho maana yake yote ilikuwa kwenye pumzi ya mtu, wamechukua cheo chake wakakiweka juu ya gongo lililonyamaza, na sasa lile gongo limekuwa maarufu kuliko mwenyewe, mpaka mtoto wa Lamu anaona pembe makumbusho anashangaa kwa nini inaitwa jina la kitu cha Dodoma.

Lakini la kwanza sikumpa na simpi. Aliyekaa akachagua siwa, sijui ni nani, alifanya kazi ambayo ile apu haikuifanya. Hakuuliza kitu hiki kina umbo gani. Aliuliza kwetu sisi, mji ukitaka kusema hapa pana mamlaka na mjumbe wake ndo huyu, unasema kwa kitu gani? Na jibu la pwani halikuwa rungu. Rungu lilikuwa la mlinzi na la mchungaji, likikaa nyuma ya mlango kwa ajili ya mwizi. Mwenye heshima yake alishika bakora, na hata bakora wazee wetu wakaitoa ukali wakaichezea goma, wamesimama safu wanainama na kuinuka nayo pole pole kama mawimbi ya maji mafu. Kenyatta mwenyewe alishika usinga. Cheo chetu kilikuwa kwenye vitu vinavyopepea na vinavyolia. Kwa hiyo ukisema rungu la bunge umetafsiri historia ya Mwingereza, sawa, ni kweli kwake. Ukisema siwa umelitia bunge kwenye historia yako, na diwani aliyeambiwa hii ni siwa, kama anajua siwa ni nini, angalau ataona haya kidogo kuivuta mkia.

Kama anajua. Hilo ndo tatizo, na haliko kwenye neno.

Na kabla mtu hajaniandikia kwamba nawacheka Waingereza bure, najua, na sisi tunayo. Siwa hiyohiyo zamani ilikuwa pia na maana ya kisiwa kikubwa, ndo maana kidogo chake kikawa kisiwa, kwa hiyo Mwamu wa zamani angeweza kusema siwa ya siwa na akaeleweka. Pembe ni ya ng'ombe na ni ya chumba na ni ya ndovu. Panda ni baragumu pia, na ni njia panda, na ni kupanda mti na kupanda mahindi. Ila sisi haya tunayabeba wenyewe, mtu akisema panda tunajua yuko shambani au yuko kwenye ngoma. Tabu inaanza pale neno la mwenzio linapokuja na mizigo yake yote imefungwa kwenye kanga moja na wewe unaipokea bila kufungua.

Ile ya kupuliza nisiisahau, ingawa haina urefu. Mwaka 1965 kule Pittsburgh, Marekani, Alan Litman na mkewe Doris walitengeneza kikopo cha kujihami, ndani yake dawa ya kutoa machozi, wakakiuza kwa jina la Mace, na jina la biashara likageuka kuwa kitenzi, Mmarekani akipuliziwa chochote machoni anasema hivo. Siku hizi vikopo vingi vya namna hiyo vimejaa pilipili, kwa hiyo mtu akisoma habari kwamba mwanamke fulani alimpiga jambazi na mace halafu apu ikamwambia ni basibasi, atamwonea huruma huyo mwanamke. Na akiambiwa ni rungu atamsifu. Yote mawili si kweli, ni pilipili. Angalau hapo jikoni tumerudi.

Biriani ikatoka. Tamu, nisimdhulumu, ila ile basibasi aliitia nzima nzima kama alivyoambiwa na mzungu na kipande kimoja kikaja kwenye sahani ya mama, akakitafuna, akakitoa, akakiweka ukingoni bila neno. Kwetu inasagwa. Alipomaliza akamuuliza mjukuu wake umeweka nini humu, na yule msichana kwa adabu zote akajibu, "Rungu, bibi."

Jumamosi nkampeleka makumbusho. Alisimama mbele ya ile ya Pate muda mrefu kuliko nlivotarajia, akazunguka upande wa pili, akainama kutafuta tundu, akaliona. "Ami, kwani hii inapigwa?" Nkamwambia ilikuwa ikipigwa. Akauliza inatoa sauti gani na hapo nkakwama, manake hiyo ya Pate mi sijapata kuisikia, nimesikia za kuigiza tu kwenye sherehe, nkamwambia nzito, kama ya meli hivi lakini ya mtu. Tukatoka nje uani, hakuna watu, akakunja viganja viwili akaviweka mdomoni akapuliza kwa nguvu zake zote. Ikatoka sauti mbaya ya kukwaruza, na punda aliyefungwa pale ukutani akainua kichwa akamjibu.